Kuotesha Bakteria na Kusoma Jenomu: Istilahi za Uchunguzi wa Kipindupindu katika Mkoa wa Rukwa

1. Utangulizi

Mfasiri anayekabidhiwa tangazo la afya hapewi muda mrefu wa kutafakari. Tangazo latakiwa leo, na kesho lazima lisomwe zahanati, sokoni na katika ofisi ya mtendaji wa kijiji. Tuchukulie kwamba mfasiri huyo yuko Sumbawanga. Kipindupindu kimezuka katika kambi za wavuvi, bondeni mwa Ziwa Rukwa. Wataalamu wameandika kwa Kiingereza kwamba bakteria watakaooteshwa kutokana na sampuli za wagonjwa watasomwa jenomu, ili kufahamu uhusiano wao na bakteria wa milipuko mingine. Naye mfasiri anaandika hivi:

"Vinasaba vya wagonjwa vitapimwa ili kujulikana ugonjwa umetoka kwa nani."

Sentensi hii tumeitunga sisi wenyewe kwa ajili ya mfano. Kisarufi haina kasoro, lakini kimaana ina makosa matatu, na kila kosa laweza kugharimu maisha ya mtu.

Kosa la kwanza ni la mmiliki. Vinasaba vitakavyosomwa ni vya bakteria, wala si vya mgonjwa. Kosa la pili ni la neno lenyewe. Masikioni mwa raia wa Tanzania, "kupima vinasaba" kumekwisha fungamana na kumtambua baba wa mtoto, au kutambua maiti na wahalifu. Kazi hizo husimamiwa kwa sheria ya mwaka 2009 ihusuyo vinasaba vya binadamu, na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo iliyokabidhiwa usimamizi wake. Mzee wa nyumba akisikia kwamba choo cha wanawe kitapimwa vinasaba, hatakuwa na kosa akidhani kwamba nyumba yake inachunguzwa, na aweza kuwaficha wagonjwa. Kosa la tatu limo katika maneno "kwa nani". Hapo swali la kisayansi limegeuka kuwa shtaka.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kazi mbili ambazo siku hizi hufanywa kwa pamoja katika uchunguzi wa maradhi ya bakteria, yaani kuotesha na kusoma jenomu. Tutaonyesha kila moja inaweza kusema nini na haiwezi kusema nini, kisha tutapendekeza istilahi zitakazoweka mipaka hiyo wazi.

2. Mahali penyewe

Tumeichagua Rukwa kwa sababu jiografia yake inalieleza jambo hili vizuri. Uwanda wa Ufipa, wenye kimo cha zaidi ya mita 1,500, umekaa baina ya maziwa mawili yaliyo chini sana, kwenye mita 800 hivi: Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mkoa wenyewe uliundwa mwaka 1974, na mwaka 2012 sehemu yake ya kaskazini ikawa Mkoa wa Katavi. Ziwa Rukwa halina mto unaoyatoa maji yake. Ni ziwa la kina kifupi na maji yake ni ya magadi. Kambi za wavuvi ziko kandokando yake, na vijiji kama Muze, Mtowisa na Ilemba viko bondeni, chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa. Sampuli inayochukuliwa huko lazima ipande ukingo huo ndipo ifike katika maabara ya hospitali mjini Sumbawanga.

Wimbi la saba la kipindupindu duniani lilianza Sulawesi, nchini Indonesia, mwaka 1961, likaingia Afrika mwaka 1970. Tanzania ilitoa taarifa ya wagonjwa wake wa kwanza wa wimbi hilo mwaka 1974, na kuanzia mwaka 1977 ugonjwa ukawa wa kurudi mara kwa mara. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi na kuendelea hadi 2018. Watu zaidi ya 30,000 waliugua, na zaidi ya 500 walikufa. Rukwa ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoguswa.

Jina la mji wa Sumbawanga, kama wenyeji wanavyolifasiri, ni agizo: tupa uchawi. Tunalitaja kwa sababu mahususi. Ugonjwa unaomwua mtu mzima mwenye afya katika muda wa saa chache humfanya kila aliyebaki aulize: ni nani aliyefanya hivi? Swali hilo huulizwa kila mahali, Ulaya na Asia kama Afrika. Tangazo lililofasiriwa vibaya hulitilia kuni. Lililofasiriwa vema hulielekeza kwenye kisima, choo na ndoo ya maji.

3. Kazi ya kwanza: kuotesha

Kabla ya kuieleza kazi hii, yafaa tumalize ubishi mdogo. Bakteria ni kiumbe hai chenye seli moja, kisichoonekana kwa macho matupu. Watu wengi huwaita "wadudu" au "vijidudu". Maneno hayo yanafaa katika mazungumzo, lakini katika maandishi ya kitaalamu mdudu ni nzi, mbu au kiroboto. Wengine husema "viini", lakini neno kiini limekwisha pewa kazi ya kutaja sehemu ya kati ya seli, na tena bakteria ni kiumbe ambaye seli yake haina kiini cha namna hiyo. Neno "kimelea", litokanalo na kitenzi melea, ni pana zaidi. Hukusanya bakteria, virusi, fangasi na hata minyoo. Basi pale ambapo mtaalamu amekusudia bakteria, nasi tuandike bakteria. Aidha, kwa kuwa ni kiumbe hai, twapendelea upatanisho wa a-wa: bakteria huyu, bakteria hawa.

Kuotesha ni kuwapa bakteria chakula na joto ili waongezeke hadi waonekane. Kitenzi hiki hakihitaji kueleza kwa muda mrefu kwa watu wa uwanda ambao huishi kwa ulezi, mahindi na maharage. Mambo huenda hivi. Choo cha mgonjwa huchukuliwa kwa kijiti chenye pamba na kutiwa katika chombo cha kusafirishia, chenye ujiuji unaowahifadhi bakteria wasife njiani. Kifikapo maabara, sampuli hutiwa katika maji ya peptoni yenye alkali. Bakteria wa kipindupindu, aitwaye kwa Kilatini Vibrio cholerae, huyastahimili maji ya namna hiyo kuliko bakteria wengi wengine wa tumboni, hivyo katika saa sita hadi nane huwatangulia wenzake kwa wingi. Kisha tone huchukuliwa na kupakwa juu ya sahani yenye chakula kigumu, na sahani huwekwa katika joto kama la mwili wa mtu usiku kucha. Asubuhi yake huonekana madoa ya mviringo ya rangi ya manjano. Kila doa huitwa koloni, na kwa kawaida huwa ni uzao wa bakteria mmoja.

Koloni moja huchukuliwa na kupandikizwa katika sahani nyingine ili waote wenyewe tu. Hapa pana pengo katika lugha. Wafasiri wengi huandika "bakteria waliotengwa". Lakini katika kipindupindu hata mgonjwa hutengwa, na katika taarifa moja msomaji atakutana na "waliotengwa" 12 ambao ni watu na "waliotengwa" 12 ambao ni bakteria. Tunapendekeza "uoto safi". Neno uoto tunalijua katika jiografia, tusemapo uoto wa asili, na lina mzizi mmoja na kuotesha.

Uoto safi ndio unaojibu maswali mawili ya daktari. La kwanza: ni bakteria gani huyu? Hujibiwa kwa kuchanganya uoto na vitendanishi, na kuona kama bakteria hushikamana mafungu mafungu. Kuna makundi zaidi ya 200 ya Vibrio cholerae, lakini milipuko mikubwa husababishwa na mawili tu, O1 na O139. La pili: dawa gani itamwua? Hujibiwa kwa kuweka vidonge vya karatasi vyenye dawa juu ya sahani na kupima upana wa eneo ambalo bakteria wameshindwa kuota.

Hata hivyo, tangazo lisiache kusema kwamba matibabu hayangoji maabara. Mgonjwa wa kipindupindu huuawa na kupotewa maji na chumvi za mwili. Anywe maji ya chumvi na sukari yaliyotengenezwa kwa kipimo tangu nyumbani, akimbizwe kituo cha afya, na mwenye hali mbaya atiwe maji kwa mshipa.

4. Kazi ya pili: kusoma jenomu

Ndani ya kila bakteria mna uzi mrefu wa kikemikali uitwao DNA. Uzi huo ni kama maandishi yaliyoandikwa kwa herufi nne tu, ambazo ni kemikali nne: adenini, timini, guanini na sitosini. Sehemu ya maandishi yenye agizo moja huitwa jeni. Maandishi yote kwa ujumla, tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho, huitwa jenomu. Tofauti baina ya jeni na jenomu ni kama tofauti baina ya kifungu kimoja cha sheria na kitabu kizima cha sheria. Mfasiri asitumie moja badala ya jingine.

Jenomu ya Vibrio cholerae ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2000. Ina herufi kama milioni nne, zilizogawanyika katika kromosomu mbili. Usomaji huo uliwapa wataalamu namna ya kuyachunguza mambo yasiyoonekana katika sahani. Mathalani, jeni ya sumu inayosababisha kuhara ilikwisha julikana mwaka 1996 kuwa ililetwa ndani ya bakteria na virusi. Kumbe bakteria wa namna moja anaweza kuishi majini bila kudhuru, na mwenziwe, aliyeambukizwa virusi hivyo, akawa wa kuua.

Faida kubwa ya pili ni kulinganisha. Kila bakteria anapojigawa, hunakili jenomu yake, na mara chache hukosea herufi. Katika bakteria wa wimbi la saba makosa hayo hujikusanya kwa kadiri ya herufi tatu au nne kwa mwaka. Walimu wanaifahamu hali hii: wanafunzi wawili wakiwa na kosa moja la kipekee katika jibu lile lile, wametoka katika daftari moja. Kwa kuhesabu makosa wanayoshirikiana, wataalamu huchora mti wa nasaba wa bakteria wenye shina na matawi.

Hapa tunashauri tahadhari mbili. Kwanza, tuseme "tawi", tusiseme "ukoo" wala "kabila" la bakteria. Ukoo na kabila ni maneno ya watu. Pili, tawi lisiitwe kwa jina la mahali. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba maradhi mapya yasipewe majina ya nchi, miji wala jamii za watu. Kipindupindu chenyewe kinatupa funzo: namna ya bakteria iitwayo El Tor imebeba jina la kituo cha karantini cha mahujaji katika Sinai, ambako ilipatikana mwaka 1905, na watu wa El Tor hawana hatia yoyote. Watafiti wa leo huyataja matawi yaliyoingia Afrika kwa herufi na namba, kama T10. Mfasiri ayaache hivyo hivyo. Akiandika "kipindupindu cha Kongo" au "cha wavuvi", amewatia wenzake hatiani bila ushahidi.

5. Kuziunganisha kazi mbili

Wahunzi wa Ufipa wa zamani waliyeyusha chuma kwa tanuri mbili. Ya kwanza ilikuwa ndefu kuliko mtu, iitwayo ilungu, iliyowaka kwa upepo wake yenyewe bila mivuo. Iliyotoka humo ilikuwa chuma chenye takataka. Ndipo kilipopelekwa katika tanuri ndogo, kintengwe, kikasafishwa kwa moto wa mivuo, kikafaa kufuliwa jembe. Hakuna aliyepata jembe kwa tanuri moja. Kuotesha na kusoma jenomu kumehusiana namna hiyo: ya pili huanza pale ya kwanza inapoishia, na uoto mchafu hutoa jenomu zilizochanganyika.

Haja ya kujua ugonjwa umepita njia gani si ngeni katika Afrika ya Mashariki. James Christie, daktari aliyekuwa Unguja wakati wa kipindupindu cha 1869 na 1870, alifuatilia njia za misafara kwa kuwahoji wafanyabiashara na wasafiri, akachapisha kitabu chake London mwaka 1876. Alikuwa na tarehe na majina ya mahali, lakini hakuwa na namna ya kuwachunguza bakteria wenyewe. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na François-Xavier Weill wa Institut Pasteur walitoa matokeo ya jenomu 1,070 za Vibrio cholerae O1 kutoka nchi 45 za Afrika, zilizokusanywa katika kipindi cha miaka 49. Waliona kwamba milipuko hiyo yote ilitokana na shina moja, lililoingia Afrika angalau mara 11 tangu 1970, katika kanda mbili: Afrika ya Magharibi, na Afrika ya Mashariki pamoja na Kusini. Mara tano za mwisho, shina hilo lilitoka Asia likiwa na usugu dhidi ya dawa nyingi.

Yafaa tukumbuke kazi hiyo ilitegemea nini. Ilitegemea uoto uliohifadhiwa kwa miongo mingi katika majokofu ya maabara, na karatasi zilizoandikwa mahali na mwaka. Herufi milioni nne zisizo na tarehe wala kijiji hazimwelezi mtu ugonjwa ulipita wapi. Kwa hiyo karani wa zahanati anayeandika kwa hati inayosomeka jina la kijiji, siku mgonjwa alipoanza kuhara na maji aliyokunywa, ameshiriki katika sayansi ya jenomu, hata kama hajaisikia.

Mfano mwingine ni wa karibu zaidi. Mwaka 2017, wakati ambapo hapakuwa na mlipuko, sampuli 360 za samaki, mimea midogo ya majini na maji zilichukuliwa katika upande wa Tanzania wa Ziwa Victoria. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba Vibrio cholerae O1 mwenye jeni ya sumu alikuwamo, na jenomu yake ilihusiana na ya bakteria wa milipuko ya Afrika ya Mashariki. Kwa watu wa Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika hili ni jambo la kuzingatia: ziwa lenyewe laweza kuwa mojawapo ya makao ya bakteria, na si lazima kila mlipuko uwe umeletwa na mgeni.

Basi nini mpaka wa jenomu? Bakteria wa kambi mbili wakilingana herufi kwa herufi, tunajua wana uhusiano wa karibu sana. Hatujui kwa hilo pekee kambi ipi ilitangulia, wala kama walipitia mtumbwi, samaki au kisima kimoja. Istilahi ya Kiswahili iubebe mpaka huo: tuseme jenomu "zimehusiana", tusiseme "zimethibitisha aliyeleta".

6. Neno usugu

Hatuwezi kuliacha neno hili, maana linatumika vibaya kila siku. "Usugu wa dawa" maana yake ni kwamba dawa ndiyo sugu. "Mgonjwa sugu" ni mtu aliyezoea maradhi. Anayekuwa sugu ni bakteria, naye huwa sugu dhidi ya dawa fulani. Kwa hiyo usemi unaotumiwa siku hizi katika sekta ya afya, "usugu wa vimelea dhidi ya dawa", ambao kifupi chake ni UVIDA, ni sahihi ingawa ni mrefu, nasi tunauunga mkono. Kosa lake likiachwa, mtu huamini kwamba mwili wake ndio uliozoea vidonge, akabadilisha vidonge kwa hiari yake, au akaviacha katikati.

Hapa pia kazi mbili hukamilishana. Jenomu huonyesha jeni za usugu zilizomo. Sahani huonyesha kama bakteria kweli ameshinda dawa. Jeni yaweza kuwamo bila kufanya kazi, na usugu waweza kuonekana katika sahani kabla chanzo chake hakijajulikana katika jenomu. Taarifa iseme ni lipi kati ya hayo mawili lililoonekana.

7. Istilahi tunazopendekeza

Bakteria (a-wa): kiumbe hai wa seli moja asiye na kiini cha seli.
Kimelea: kiumbe chochote kiishicho juu au ndani ya kingine na kukidhuru.
Kuotesha: kuwaongeza bakteria wa sampuli katika chakula maalumu ili watambuliwe.
Koloni: doa la bakteria katika sahani, kwa kawaida uzao wa mmoja.
Uoto safi: bakteria wa koloni moja, waliopandikizwa na kuoteshwa peke yao.
Jeni: sehemu ya DNA yenye agizo moja.
Jenomu: DNA yote ya kiumbe kimoja.
Kusoma jenomu: kutambua mfuatano wa herufi zake zote.
Tawi: kundi la bakteria walio na asili moja katika mti wa nasaba.
Usugu dhidi ya dawa: uwezo wa bakteria wa kuota ijapokuwa dawa ipo.
Vinasaba: neno hili libaki kwa shughuli za utambuzi wa binadamu. Likilazimika kutumika kwa bakteria, mwenye vinasaba atajwe waziwazi.

8. Hitimisho

Tumrudie mfasiri wetu wa Sumbawanga. Kama angelikuwa na istilahi hizi mezani, tangazo lake lingesomeka hivi:

"Choo cha wagonjwa kitachukuliwa ili kuotesha bakteria wa kipindupindu. Jenomu ya bakteria hao, wala si vinasaba vya mgonjwa, itasomwa ili kujua kama wamehusiana na bakteria wa milipuko mingine, na dawa gani zinawaua. Uchunguzi huu haumtafuti mtu wa kulaumiwa. Mwenye kuhara asingoje majibu. Anywe maji ya chumvi na sukari na apelekwe kituo cha afya mara moja."

Ni tangazo refu kuliko lile la kwanza, na karatasi itakuwa ghali kidogo. Lakini mzee wa Mtowisa akisomewa hilo hatakuwa na sababu ya kumficha mwanawe. Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa serikali watakaozitumia istilahi hizi watuletee maoni yao, hasa pale ambapo neno tulilolipendekeza limeshindwa kueleweka kijijini, kwani huko ndiko istilahi inakopimwa.